Video inastaki kwenye Linux: angalia namba mbili kabla hujanunua bando lingine

Jumamosi nilikuwa Kijenge kwa dada yangu, nimefika tu mlangoni mpwa wangu ananipokea, shikamoo anko, bando limekufa tena. Yuko fomu foo, anasoma fizikia kwa video za YouTube kwenye laptopu, na wiki ile mama yake alishanunua bando mara mbili kwa sababu kila somo lilikuwa linastaki. Nikakaa pembeni yake nione. Video inaenda sekunde nne tano, picha inaganda, lakini mwalimu anaendelea kuongea vizuri tu, halafu picha inaruka kumfuata mwalimu alipofika, inaganda tena. Nikamwambia dada asinunue kitu, bando halina kosa hapa.

Nimejuaje? Sauti. Mtandao ukikata unakata vyote, picha na sauti vinasimama pamoja na kile kiduara kinaanza kuzunguka katikati ya skrini. Picha ikiganda peke yake huku sauti inatembea, video imeshafika ndani ya mashine, ila mashine inashindwa kuifungua kwa spidi inayotakiwa. Haya ni magonjwa mawili tofauti kabisa na watu wengi wanayatibu kwa dawa moja, ya kuongeza bando, na inaniuma kwa sababu hela inatoka kila wiki na tatizo liko palepale.

Huna haja ya kukisia. Fungua video YouTube, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha, chini kabisa kwenye orodha chagua Stats for nerds. Kitatokea kiboksi cheusi chenye maandishi mengi, wewe angalia mistari mitatu tu. Buffer Health ni sekunde ngapi za video zimeshashuka zinasubiri kuchezwa. Dropped Frames, ambayo iko kwenye mstari wa Viewport / Frames penye neno dropped, ni picha ngapi mashine imezitupa kwa kushindwa kuziwahi. Na Codecs ni aina ya mkunjo ambao video imefungwa nao. Kwa mpwa wangu ilisoma hivi: Buffer Health sekunde 38, Dropped Frames 1480 kati ya 2900, Codecs imeanza na av01, yaani mkunjo wa AV1. Sekunde 38 ziko ndani, mtandao umefanya kazi yake na umebaki. Lakini nusu ya picha zimetupwa njiani. Ingekuwa kinyume chake, Buffer Health inacheza kwenye 0 mpaka 2 na Dropped Frames hazipandi, hapo sawa ungeuangalia mtandao.

Kwa hiyo nitaanza na mashine, maana huku Arusha laptopu tunazotumia wengi ni used, i5 za kizazi cha 3, cha 4, cha 6, mashine nzuri tu na Linux zinaipenda, ila zina kitu kimoja lazima ukijue.

Picha inaganda, sauti inaendelea, feni inapiga kelele

Video inashuka ikiwa imekunjwa na kodeki. Kuikunjua kuna njia mbili, ama kichipu maalum ndani ya kadi ya picha kinafanya hiyo kazi kimyakimya, ama prosesa inabeba mzigo wote yenyewe. Kichipu kinajua kodeki zilizokuwepo wakati kinatengenezwa, hakijifunzi mpya. Intel ya kizazi cha 4, ambayo ni ya mwaka 2013, inaijua H.264 vizuri sana, lakini VP9 na AV1 haizijui. Kuanzia kizazi cha 7 ndo VP9 imekaa sawasawa, na AV1 imekuja na kizazi cha 11 mwaka 2020. Sasa YouTube kwa kawaida hawakupi H.264, wanakupa VP9 au AV1 kwa sababu zinabana zaidi, kwao ni nafuu na kwa bando lako pia ni nafuu, ila laptopu ya 2013 inabaki inabeba gunia kichwani wakati toroli ipo.

Kujua chipu yako inajua nini fungua terminali:

sudo apt install vainfo
vainfo

Itatoa orodha. Mstari wenye VAProfileH264High na mbele yake VAEntrypointVLD maana yake H.264 inakunjuliwa na chipu. Tafuta kama kuna VP9 au AV1. Usipoona basi haipo, hakuna draiva ya kuileta. Kama vainfo yenyewe imegoma na kuleta maneno ya kushindwa, basi ni draiva: Intel za zamani zinataka i965-va-driver, kuanzia kizazi cha 5 kwenda juu inafaa intel-media-va-driver, na za AMD ni mesa-va-drivers. Weka, zima washa, jaribu tena vainfo.

Kwa mpwa wangu vainfo ilikubali H.264 ikakosa nyingine, kama nilivyotegemea. Tiba ikawa ni kuilazimisha YouTube ilete H.264. Kwenye Firefox kuna ekstensheni inaitwa enhanced-h264ify, unaiweka, unatiki kuzuia VP8, VP9 na AV1, na kuna sehemu ya kuzuia video za fremu 60 kwa sekunde, nayo itiki kama mashine ni dhaifu. Ukitaka kuzuia AV1 tu bila ekstensheni, andika about:config juu kwenye Firefox, tafuta media.av1.enabled, igeuze iwe false. Nikarudisha somo lilelile la umeme. Codecs sasa inasoma avc1, ambayo ndo H.264, Dropped Frames 3 tu mwanzoni halafu ikagoma kupanda, na kwenye top, amri inayoonesha kila programu inakula prosesa kiasi gani (kila kori moja inahesabiwa asilimia 100), ile Firefox iliyokuwa inakula asilimia 310 ikashuka mpaka 40 hivi. Feni ikanyamaza. Dada yuko jikoni akauliza mbona kimya, mmeizima?

Kuna bei yake, H.264 inakula bando zaidi kidogo kwa ubora uleule, na YouTube kwa H.264 hautapata zaidi ya 1080p. Kwa skrini ya laptopu mimi naona 720p inatosha kabisa, maandishi ya ubaoni yanasomeka.

Firefox kutoka toleo la 115, la mwaka 2023, inatumia chipu yenyewe kwa kadi za Intel bila kuguswa. Kama una mashaka andika about:support, shuka mpaka sehemu ya Media, kuna jedwali la kodeki linaonesha ipi inafunguliwa na chipu na ipi na prosesa. Kama vainfo inakubali na Firefox inakataa, rudi about:config uweke media.hardware-video-decoding.force-enabled iwe true. Chrome unaangalia kwa chrome://gpu, mstari wa Video Decode, ikisema Software only ujue prosesa ndo punda. Kwa laptopu za zamani mimi nawashauri watu Firefox, nimeona haisumbui kama Chrome kwenye hili jambo.

Kila kitu ni kizito, hata kusogeza dirisha

Hii nimekutana nayo Ngarenaro kwa kijana mmoja ana steshenari, laptopu ina ramu 8 na i5 ya kizazi cha 8, mashine ambayo YouTube inatakiwa iwe mchezo, lakini hata 480p inakwama na menyu zinafunguka kwa kuvutwa. Ukiona hivyo usihangaike na kodeki, angalia nani anachora picha:

sudo apt install mesa-utils
glxinfo -B | grep renderer

Ikitoka llvmpipe, kadi ya picha imelala, prosesa inachora kila kitu kwa mkono. Mara nyingi chanzo ni neno moja, nomodeset, linaloiambia Linux isiiamshe kadi ya picha. Fundi anapoinstoli Linux skrini ikawa nyeusi, anawasha kwa ile njia ya usalama, inakubali, anamaliza kazi anaondoka na neno limebaki mle. Andika cat /proc/cmdline uone kama lipo. Kama lipo fungua /etc/default/grub kwa sudo, lifute hilo neno tu mengine yaache, kisha sudo update-grub na uzime uwashe. Kama skrini itarudi nyeusi usiogope, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowaka, bonyeza e, liandike tena mwisho wa mstari wa linux, na hapo ujue shida ni draiva au kernel, yaani kiini cha Linux, ya zamani inayotaka kuapdetiwa. Yule kijana kwake ilikubali mara moja, nomodeset ilibaki tu toka siku ya kuinstoli, miezi yote hiyo anachapa barua za watu kwenye mashine iliyofungwa mguu.

Inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inachoka

Joto. Sakina kule barabarani na kiangazi hiki vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, feni ya laptopu itaponea wapi. Weka lm-sensors, andika watch -n 2 sensors, acha video icheze uangalie. Ikigusa nyuzi 95 na kuendelea prosesa inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, na hapo ndo picha zinaanza kudondoka. Fungua, safisha feni kwa brashi laini huku umeishika isizunguke, badilisha ile pesti ya juu ya prosesa kama imekauka imekuwa kama chokaa. Na usiweke laptopu juu ya kitanda au blanketi, hata Julai na baridi yake, matundu ya hewa yako chini.

Kuna ndugu wa hili tatizo ambaye watu hawamjui, chaja. Laptopu nyingi za ofisi zinaongea na chaja yake, ikiwa ya mtaani au pini ya katikati imevunjika mashine haiitambui, na kwa tahadhari inashusha prosesa mpaka 800 MHz hivi na inaganda hapohapo. Dalili yake ni kwamba mashine ni ya baridi kabisa lakini nzito, na wakati mwingine inapowaka inaandika kitu kuhusu AC adapter. Andika grep MHz /proc/cpuinfo huku video inacheza, ukiona namba zote ziko 800 hazipandi, azima chaja orijino ya mtu ujaribu kabla hujagusa programu yoyote.

Picha na sauti vinasimama pamoja, kiduara kinazunguka

Sasa hapa ndo mtandao. YouTube wenyewe wanasema unahitaji kama Mbps 1.1 kwa 480p, 2.5 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 20 kwa 4K. Hesabu ya 2.5 ni kama GB 1.1 kwa saa, kwa hiyo ukiwa na GB 3 za siku unajua mwenyewe zinaishia wapi.

Kabla hujamlaumu mwenye mtandao pima nyumbani kwako kwanza. Andika ip route, kwenye mstari wa default utaona namba ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Halafu:

ping -c 50 192.168.1.1

Hapo unaongea na ruta iliyo sebuleni, haitoki nje hata kidogo. Inatakiwa muda uwe milisekunde chache na zisogee kidogo tu. Zikiruka 3, 5, 280, 4, 610, shida iko kati ya laptopu na ruta, unaweza kununua bando la mwaka mzima na haitabadilika. Zikiwa shwari, rudia kwa ping -c 50 1.1.1.1, ambayo ni seva ya huko nje kwenye intaneti, zikiruka hapo ndo shida iko huko nje, na jioni kuanzia saa mbili mtaa mzima ukiwa umerudi nyumbani inaweza kuwa hivyo tu, shusha video mpaka 480p au pakua mchana.

Kwa shida ya ndani, kosa ninalolikuta sana kwenye Mint na Ubuntu, aina za Linux wanazotumia wengi, ni waifai kulala ili kutunza betri. Baadhi ya kadi zikilala zinachelewa kuamka. Andika iw dev upate jina la kadi, mfano wlp3s0, kisha:

iw dev wlp3s0 get power_save

Ikisema on, fungua faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, palipoandikwa wifi.powersave = 3 weka 2, halafu sudo systemctl restart NetworkManager. Hapa 3 ni kuwasha na 2 ni kuzima, wengi wanaweka 0 wakidhani ndo kuzima, 0 ni kufuata mpangilio wa kawaida wa mfumo. Pia nmcli dev wifi list itakuonesha ruta za majirani na chaneli zao, kwa nyumba za kupanga zile milango minane kwenye ua mmoja utakuta wote mko chaneli 6, kama ruta yako ina 5 GHz hamia huko. Na kama unatumia simu kugawa mtandao, jaribu waya wa USB badala ya hotspoti, Linux inautambua bila kuinstoli chochote, simu inachaji na mtandao unatulia.

Haianzi kabisa

Brauza ikisema haiwezi kucheza aina hii ya video, ni kodeki hazijawekwa. Mint siku ya kuinstoli inauliza kwa kiboksi kidogo kama uweke kodeki za midia na watu wanakiruka kwa sababu hakuna intaneti muda ule. Baadaye unaweka kwa sudo apt install mint-meta-codecs, Ubuntu ni ubuntu-restricted-extras. Fedora inatoa ffmpeg-free ambayo H.264 imenyofolewa kwa sababu za hataza, unawasha RPM Fusion, hazina ya ziada ya programu, na kubadilisha kwa sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing.

Ikiwa YouTube inacheza ila Netflix na wenzake wanagoma, ni ule ulinzi wao unaoitwa Widevine. Firefox nenda kwenye setingi, General, tiki Play DRM-controlled content, isubiri kidogo ipakue. Chromium ya kwenye hazina za aina nyingi za Linux haina Widevine, tumia Firefox au Chrome. Na 4K ya Netflix kwenye Linux usiitafute, haipo.

Halafu kuna hii ya saa. Laptopu imekaa kabatini muda mrefu, kibetri kidogo cha CMOS, kinachotunza saa, kimekufa, umeme umekatika na betri kubwa nayo imeisha, ikiwashwa inarudi miaka ya nyuma. Kwa brauza vyeti vya usalama vyote vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika, hakuna ukurasa unaofunguka sawasawa. Andika timedatectl uone tarehe, kisha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true

Kibetri chenyewe ukifungua laptopu utakuta kidogo kimefungwa na waya wake, au ni kile cha duara CR2032, ni bei ndogo na kinabadilishwa kwa dakika kumi.

Picha ikionekana imekatwa mstari katikati watu wakitembea, hiyo ni X11, mfumo wa zamani wa kuchora skrini, na draiva ya zamani, toa xserver-xorg-video-intel au ingia kwa Wayland, mfumo mpya, unauchagua pale unapoingia na nywila, hilo halina mengi.

Video imesimama sekunde ya 0 na intaneti iko safi

Hii ndo ilinichosha kuliko zote kwa sababu niliifanyia kazi kwa simu. Mama mmoja yuko Moshi, Pasua, mwanae anaishi Ujerumani na alikuwa anafunga ndoa, misa inarushwa moja kwa moja, na yeye laptopu aliyotumiwa na huyohuyo mwanae haianzi video. Imebaki dakika ishirini. Anasema mwanangu kurasa zote zinafunguka, picha ya kwanza naiona, kanisa naliona, haitembei. Nikamuuliza shikamoo mama, jana uliitumia na nini hiyo laptopu, akasema wajukuu waliunganisha kwenye spika ya bluetooth, spika yenyewe imeondoka na baba yao.

Nikashukuru moyoni. Brauza inapanga picha kwa kufuata saa ya sauti, sauti ikikosa pa kutokea kwa sababu mfumo wa sauti umening'inia unaisubiri spika ambayo haipo, picha nayo inasubiri. Nikamsomea herufi kwa herufi, akaandika polepole na mjukuu mmoja akimsaidia kutafuta kidashi:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kwenye Mint 21 kurudi nyuma ingekuwa pulseaudio -k. Nikamwambia apakie ukurasa upya, abonyeze alama ya spika kule chini kulia na achague spika za ndani. Kimya kidogo kwenye simu. Halafu nikasikia kinanda cha kanisa, kwa mbali, kinatokea kwenye laptopu yake kuja kwenye simu yangu, na mama anaita watu wa nyumbani waje haraka.